Chatu Aliyekaribishwa Mno

"Hadithi inabisha hodi!"

"Ifunguliwe, ipite!"

"Ina vumbi la njia!"

"Ipewe maji, iketi!"

Haya, imepita, imeketi. Sayi, acha kumsukuma mwenzako, nawe leta huo ungo wa karanga hapa, tubangue huku tunasikiliza. Na wewe uliyekaa kule mlangoni, mke wa mjukuu wangu Luhende, uliyeingia nyumba hii juzi, mimi sisemi na wewe. Kaa tu. Wala sikutazami. Nyinyi wengine nanyi, macho mbele! Tangu juzi mnamuuliza baba yake nani, kwao wanalima nini, michembe ya viazi vikavu anajua kupika au hajui, mbona hali, mbona hasemi. Mwacheni. Mimi nasimulia habari ya chatu.

Hapo zamani, zamani zile vihenge vilikuwa virefu kuliko wanaume, na kila kihenge kimesilibwa kwa udongo na majivu mpaka unaweza kukipapasa kama shavu la mtoto. Leo tunatia nafaka kwenye viroba, tunatia na dawa, na panya wanakula nafaka, wanakula dawa, wanakula na kiroba chenyewe. Zamani zile hatukuwa na dawa. Tulikuwa na chatu. Ukiingia nyumba ya mtu ukaona chungu kilichovunjika kimefunikwa kifudifudi chini ya kihenge, hukuuliza, ulijua yumo. Mimi mwenyewe nilimwona wa bibi yangu, amejikunja kama kata ya kubebea mtungi, na juu yake harufu ya mtama mkavu. Harufu ile siipati tena. Nimeitafuta, jamani, siipati.

Basi, hapo zamani palikuwa na mjane mmoja, jina lake Holo.

Holo alikuwa na sifa moja: alisema. Alisema akipika, alisema akila, alisema akilala. Asubuhi alianza kusema kabla jogoo hajawika, na jogoo naye akawika kwa aibu. Sifa ya pili ilitoka kwenye ile ya kwanza: alijua kukaribisha. Mgeni akipita njia, hata kama haendi kwake, Holo alimkimbilia akampokea mzigo. Akampa maji, akampa uji, akampa michembe, akampa maziwa, akampa na habari za kijiji kizima. Mgeni alitoka pale tumbo limejaa na masikio yamejaa.

Eeh, nani kauliza kama alikuwa na paka? Sayi. Paka alikuwepo. Alihama. Tuendelee.

Mumewe aliitwa Maduhu, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Alimwachia nyumba, alimwachia shamba, alimwachia na mbegu ya mtama mwekundu. Si mtama wa hivi hivi. Maduhu aliuchagua suke kwa suke, mavuno kwa mavuno, miaka ishirini, mpaka ukawa mwekundu kama udongo wa kichuguu, na watu wa mbali wakauita kwa jina lake. Mbegu yote ilikuwa katika kihenge kimoja, mle mle ndani, karibu na kitanda cha Holo.

Na ndani ya kihenge, panya.

Siku moja akaja Shigela, mtoto wa mdogo wake Maduhu. Akachungulia kihengeni. Akakuna kichwa.

"Mama mkubwa, hali hii siyo. Mvua zikifika nikakuta huna mbegu, nyumba hii naifunga, nawe nakuhamishia kwangu."

"Kwako kuna wake watatu, na kila mmoja ana jiko lake. Mimi nitapika wapi?"

"Hutapika, mama mkubwa. Utapikiwa."

Shigela hakusema kwa ubaya. Lakini Holo usingizi ulimpaa. Kupikiwa! Yeye Holo! Atampokea nani mzigo, ikiwa yeye mwenyewe amekuwa mzigo wa watu? Akakaa kitandani anausemesha ukuta, na panya walikuwa ndani ya kihenge wanaimba. Wimbo wao huu, uimbeni nami:

"Holo anasema, sisi tunatafuna.
Holo anaimba, sisi tunatafuna.
Holo, Holo, usinyamaze!"

Holo aliusikia? Hakuusikia. Angeusikiaje, naye anasema?

Asubuhi akasimama kando ya kihenge akapima. Mtama ulimfika kiunoni.

Akajitwika kibuyu cha maziwa, akaenda kwenye majabali, kwa mzee Ngusa mfuga chatu. Ngusa alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Chatu wake aliwaweka katika vyungu, chini ya mawe yaliyopata jua mchana kutwa, maana chatu hupenda joto kama mimi ninavyolipenda.

"Unataka chatu wa nini?" Ngusa akauliza.

"Wa panya," akasema Holo, halafu akaeleza. Alieleza toka jua likiwa hapa mpaka likawa pale. Ngusa akanywa maziwa yote huku anaelezwa.

"Chagua," akasema.

Akafunua chungu cha kwanza. Akatoka chatu mnene kama paja la mtu.

"Nichukue mimi!" akasema yule chatu. "Nakula panya kumi kwa mlo mmoja."

"Na panya wakiisha?"

"Nitakula kuku."

"Na kuku wakiisha?"

"Nitakula mbuzi."

"Na mbuzi wakiisha?"

Yule chatu akamtazama Holo kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka kichwani. Holo akasema, "Funika."

Akafunua chungu cha pili. Akatoka chatu mwenye madoa mazuri, ungedhani amepakwa siagi.

"Nichukue mimi!" akasema. "Mimi ni chatu wa ngoma. Nimevaliwa shingoni na wachezaji wa nchi tatu."

Lakini Holo alikuwa mwanamke wa kijijini, si mjinga. Akamtazama karibu. Ngozi ilikuwa na mikunjo ubavuni kama nguo iliyompwaya mtu, na alipopumua kifua kililia filimbi. Huyu ni mgonjwa aliyejipamba. Akasema, "Funika."

Akafunua chungu cha tatu. Hapakutoka kitu. Holo akainama. Chini kabisa palikuwa na chatu mdogo, hazidi unene wa kidole gumba, amejiviringa fundo, kichwa amekificha katikati. Ngozi yake ilikuwa imembana vizuri, na kifua kimya. Kati ya mikunjo lilionekana jicho moja, jeusi na safi.

"Na wewe unasemaje?"

Kimya.

"Nasema, unasemaje?"

Kimya.

"Huyo hasemi," akasema Ngusa. "Ni mwoga. Ila akikaa mahali, amekaa."

Holo akacheka. "Basi nampenda huyo. Nitasema kwa ajili ya wawili."

Ngusa akamweka chatu mdogo kikapuni, akanyoosha vidole vitatu. "Sikiliza, Holo. Mpe maji. Mpe giza. Mpe siku saba. Siku hizo usimguse, usimwite, usimlishe. Basi."

Holo akaitikia vizuri, akaaga vizuri. Lakini alipofika njiani akaanza kunung'unika. "Maji na giza na siku saba! Mgeni au mfungwa? Mzee huyu amekaa na mawe mno, adabu zimemtoka." Nanyi mjue, wajukuu zangu, kwetu sisi mgeni akipewa maji halafu akaachwa peke yake, huko ni kutukanwa. Akirudi kwao atasema, wale watu walinipa maji wakanigeuzia migongo. Holo hakuweza. Damu yake yote ilikataa.

Akafika kijijini akipiga vigelegele.

Watu wakaja. Wakaja na ngoma, wakaja na watoto. Chatu mdogo akapakatwa na huyu, akapokewa na yule, akapitishwa mikono arobaini, na kila mkono una jasho lake na kila mdomo una sifa zake. Wakampaka unga wa mtama kichwani, kama anavyopakwa bibi harusi. Holo akampa na jina, la baba mkwe wake, jina refu la kuzunguka mlima. Chatu akajikunja fundo. Wakamkunjua ili wamwone. Akajikunja tena.

Kulipokucha, Holo akainua chungu. Chungu kitupu.

Na kihengeni:

"Holo anasema, sisi tunatafuna.
Holo anaimba, sisi tunatafuna.
Holo, Holo, usinyamaze!"

Holo akapima. Mtama ulimfika gotini.

Akakimbia kwenye majabali. Ngusa alikuwa amekaa, na chini ya jiwe lake, ndani ya chungu cha tatu, fundo lile lile.

"Amerudi alfajiri kwa tumbo lake," akasema Ngusa. "Nimemuuliza, vipi? Akaniambia, nimekaribishwa mno."

"Amesema? Si ulisema hasemi!"

"Husema akipewa nafasi."

Holo akaona haya. Akaapa mara tatu kwamba hataita watu. Ngusa akampa chatu, akanyoosha tena vidole vitatu: maji, giza, siku saba.

Na kweli hakuita watu. Ngoma hakupiga, kigelegele hakupiga. Akafunga mlango, akabaki yeye na mgeni wake. Lakini akasema moyoni, watu ndio waliomchosha, chakula hakijawahi kumchosha mtu. Akampelekea kitoto cha panya alichokinasa. Chatu, kwa njaa ya safari, akameza. "Ongeza," akasema Holo, akamletea cha pili. Chatu kwa adabu akameza. "Kidogo tu, kwa ajili yangu." Akamletea cha tatu. Mnawajua watu wa namna hiyo? Mnacheka. Mnanicheka mimi.

Tumbo la chatu limejaa, Holo akamwinua akamvaa shingoni. Akamwimbia, akamtikisa kama mtoto. Akamwambia, "Jina lile la jana halikukufaa. Leo nakuita Maduhu." Akamsimulia Maduhu alivyokuwa akichagua masuke, alivyokuwa akikaa kwenye kigoda chake pale mlangoni jioni, alivyougua, macho yake yalivyoingia ukungu siku za mwisho. Akasimulia mpaka sauti ikamkauka. Katikati ya masimulizi, chatu akatapika vyote vitatu begani kwake.

Kulipokucha, chungu kitupu.

Na kihengeni? Imbeni wenyewe, mimi natafuna karanga.

"Holo anasema, sisi tunatafuna.
Holo anaimba, sisi tunatafuna.
Holo, Holo, usinyamaze!"

Mtama ulimfika kwenye kifundo cha mguu. Na kule upande wa ziwa, wingu la kwanza.

Akaenda tena kwenye majabali. Safari hii hakukimbia. Ngusa alimwona toka mbali akageuza uso.

"Hapana, Holo. Mara mbili nimekupa. Huyu kiumbe utaniulia."

Holo akafungua mdomo. Ngusa akajiandaa kuelezwa mpaka jua lizame. Lakini Holo alikuwa amechoka, na moyo ulimuuma, na maneno yote yalikuwa yamemwishia njiani. Akasema neno moja.

"Naomba."

Ngusa akageuka. Tangu amjue mwanamke yule, hajamsikia akisema neno moja likakaa peke yake. Akainama kwenye chungu cha tatu. "Wewe, unasemaje? Utakwenda?"

Fundo likalegea kidogo. Kichwa kikatoka.

"Nitakwenda," akasema chatu mdogo. "Nyumba yake ni nzuri. Ina joto, ina panya, ina harufu ya mtama. Ila sijaiona bado. Kila nikitaka kuitazama, naona uso wake tu."

Holo akasikia maneno hayo, wala hakuyajibu.

"Maji, giza, siku saba," akasema Ngusa. "Na ukimwona amebadilika, usimguse. Hata ukidhani anakufa. Usimguse."

Akamchukua. Njia nzima kimya. Akamweka chini ya kihenge, akafunika chungu kilichovunjika, akaweka kibakuli cha maji. Akataka kusema, karibu mwanangu. Akauma ncha ya kilemba chake, akatoka nje akakaa.

Siku ya kwanza alitafuna kilemba mpaka upindo ukafumuka. Siku ya pili jirani mmoja alipita akakuta kimya, akakimbia kuita wenzake, "Holo amekufa!" Wakaja na vilio kabisa. Wakamkuta amekaa mlangoni mzima wa afya, anawapungia mkono waende zao. Wakaondoka wakiwa na hofu kubwa kuliko walipokuja.

Siku ya tatu, Holo alikuwa amelala kitandani kimya. Akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Akainuka. Kwaru, kwaru, kwaru. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, Holo aliwasikia panya. Akasikia huyu anapitia wapi na yule anapitia wapi. Akatambaa gizani akipapasa ukuta, akakuta tundu tatu: moja nyuma ya kinu, moja chini ya kitanda, moja karibu na kile chungu. Asubuhi akakanda udongo, akaziba ya kinu, akaziba ya kitanda. Ile ya karibu na chungu akaiacha.

Siku ya nne aliingia kubadilisha maji. Chatu alikuwa ametoa kichwa. Holo akaona macho yake.

Yalikuwa yameingia ukungu.

Lile jicho jeusi, safi, alilolipenda siku ya kwanza, lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Na ngozi imefifia, haina rangi. Moyo wa Holo ukapasuka. Alikuwa ameyaona macho ya namna hiyo. Aliyaona kwenye kitanda kile kile. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kibuyu cha mafuta, ampake, ampashe moto, amwite jina, amshike asiende. Mkono ukafika nusu ya njia.

Usimguse. Hata ukidhani anakufa.

Jamani, mkono ule kuurudisha! Nimesimuliwa hadithi hii na bibi yangu, na kila alipofika hapa alinyamaza akatazama mkono wake mwenyewe.

Holo akaurudisha mkono. Akaweka maji, akatoka, akakaa nje na kuupa mlango mgongo. Siku ya tano alikaa. Siku ya sita alikaa. Na kwa kuwa hakuwa na la kusema, akaanza kuisikia nyumba. Paa likilia kwa joto la mchana. Kigoda cha Maduhu kikikauka pembeni, tak, kama kilivyokuwa kikilia yeye akiinuka. Kumbe kilikuwa kinalia siku zote hizo. Holo akalia machozi. Akajua kwa nini alikuwa akisema mwaka mzima bila kupumzika: aliogopa kuisikia nyumba isiyo na Maduhu. Sasa aliisikia, na ilimuuma, naye hakufa.

Jioni ya siku ya sita ngurumo zikaanza. Mle ndani panya wakaimba, lakini kwa sauti ya chini, ya mashaka:

"Holo hasemi, tunatafuna.
Holo haimbi, tunata—"

Hapo wimbo ukakatika.

Siku ya saba Holo alifungua mlango. Mbele ya kizingiti palikuwa na ngozi, nyembamba, nyeupe, nzima toka mdomo mpaka mkia, imeachwa kama nguo ya safari. Na juu ya kigoda cha Maduhu, kwenye mwali wa jua, alikaa chatu mdogo, mpya, anang'aa, macho meusi safi, na tumbo lina donge moja la ukubwa wa panya.

Holo hakusogea. Akaketi chini, pale pale, mikono mapajani.

Chatu akashuka kigodani. Akaja polepole. Akapanda gotini, akapanda pajani, akajiviringa kwenye mkunjo wa nguo yake, akatulia.

"Sasa nimeiona nyumba," akasema. "Nimeona na mwenye nyumba. Nitakaa."

Holo akaitikia kwa kichwa tu.

"Lile jina," akasema chatu. "La mara ya pili. Halikuwa baya."

"Maduhu?"

"Hilo. Naweza kulichukua?"

Holo alikuwa na mengi ya kusema. Alisema, "Karibu." Na neno lile likatosha.

Mnauliza mbegu? Kihenge kilibakiwa na kibuyu kimoja cha mtama, na kibuyu kimoja kinatosha kuanza. Mvua ilipofika, Shigela naye akafika, na wake zake watatu na kamba za kufungia mizigo. Akabisha hodi. Holo akatoka, akampa maji, akakaa. Hakusema kitu. Shigela akangoja. Holo akamtazama kwa upole. Shigela alimwona chatu mapajani mwa mama mkubwa, hakuogopa sana. Kilichomwogopesha ni kile kimya. Akamaliza maji, akachungulia kihengeni akaona mbegu ipo, akachukua jembe, akaenda kumsaidia kupanda. Nyumba haikufungwa.

Holo aliendelea kusema? Eeh, aliendelea! Mtu hageuki kuwa mwingine kwa siku saba. Ila sasa alijua mahali pa kunyamaza. Na baada ya hapo ikawa desturi ya ukoo ule. Bibi harusi akiletwa kutoka mbali, huwekewa mtungi wa maji mlangoni, kisha watu wote hujitia wana shughuli zao. Wala haulizwi kitu siku saba. Wakaziita siku za chatu.

Sasa niwaambie yangu. Mimi niliingia nyumba hii nikiwa mdogo kuliko huyo aliye mlangoni. Kwetu ni mbali, mito mitatu. Nilikuwa naogopa mpaka meno yalikuwa yanagongana. Mama mkwe wangu aliweka mtungi wa maji mlangoni, akanigeuzia mgongo, akaenda kutwanga. Siku tatu nililia, hakuna aliyeniuliza, binti unalia nini? Niliwasikiliza wanatwanga. Nililisikia paa. Siku ya nne niliamka mapema, nikachukua ufagio mwenyewe, nikafagia uwanja wote. Mama mkwe alitoka akaona uwanja, akarudi ndani. Hakusema kitu, lakini nilimsikia anaimba. Amelala kwenye kaburi siku nyingi, mama yule. Mtungi ulivunjika, vihenge vimebomolewa. Wakati mwingine mchana nikiwa peke yangu nasikia ule mchi wake, na ningetoa ng'ombe nikae tena siku moja tu kwenye kizingiti kile, nalia, na mtu yeyote asiniulize.

Basi funzo la hadithi ni hilo. Mgeni mpe maji. Mpe na nafasi ya kuiona nyumba, uso wako uutoe mbele yake. Leo ni siku ya tatu, zimebaki nne. Sayi, nikikusikia unamuuliza tena habari za michembe, nitakufunika kwa chungu. Na mimi mniwie radhi kwa urefu wa maneno, nimejitahidi kunyamaza siku mbili, yamerundikana.

"Hadithi inaaga!"

"Iende, njia inaijua!"

Ngoja. Kuna sauti moja imeitikia hapo ambayo jana haikuwepo. Imetokea upande wa mlangoni. Hapana, msigeuke. Nimesema msigeuke, nami sigeuki. Bangueni karanga.

"Hadithi inaaga!"

"Iende, njia inaijua!"